Masomo ya Kimataifa: Kule Wanasoma Namna Gani, na Sisi Je?



Waliniomba niandike kwa gazeti hili habari yenye kufundisha. Kwanza nilitaka kuandika juu ya usafi wa uwanja, lakini habari ile mnaijua, na wenye kutupa maganda ya miwa nyuma ya kalasi wanajijua vilevile. Basi nimechagua jambo lililoleta mabishano makubwa chini ya muembe saa ya mapumziko, na ambalo sikuweza kulijibu siku ile.

Mwenzetu mmoja wa kalasi ya tatu alikuwa anaonyesha picha katika telefoni ya kaka yake mukubwa. (Sikuikamata, kwa sababu haikuwa saa ya somo, na kaka mwenyewe alikuwa amesimama pale pale.) Binamu yao anaishi Tanzania, mjini Moshi. Picha zilionyesha wanafunzi wa shule ya kimataifa ya kule: weusi, weupe, Wahindi, wote wameketi kwenye majani, kila mmoja na kompyuta yake, na nyuma yao mlima Kilimanjaro. Mudogo mmoja akatikisa kichwa, akasema: «Benzetu beko banasoma, shiye tuko tunacheza tu.» Mwingine akamjibu: «Ile ni makuta tu. Kama baba yako iko na dola, hata mbuzi yako itapata diploma.» Watu wakacheka sana. Halafu wote wakanigeukia: «Yaya doyen, weye uko kalasi ya mwisho. Utuambie, kule banasoma nini yenye shiye hatusomake?»

Nilisema kengele imelia. Kweli ilikuwa imelia, lakini hata isingelia nisingekuwa na jibu. Tangu siku ile nimeuliza walimu, nimesoma vitabu viwili vitatu, nimetafuta pia katika telefoni siku zenye rezo ilikuwa nzuri. Haya ndiyo niliyoyapata.

Shule ya kimataifa ni shule isiyofuata programu ya inchi ambamo imejengwa. Sisi hapa, ijapokuwa masomo yetu ni ya kanisa, tunafuata programu ya taifa. Serikali ilichukua shule zote mwaka 1974, halafu ikapatana tena na makanisa katika Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977: serikali inatoa programu, mitihani na mishahara, kanisa linasimamia shule. Ndiyo maana shule zetu zinaitwa «konvansyone». Mtoto wa Kalemie, wa Mbandaka na wa Matadi wote wanangojea mtihani mmoja.

Lakini fikiri sasa mtoto ambaye baba yake ni balozi au daktari wa kigeni. Miaka mitatu yuko Nairobi, miaka miwili Geneva, halafu baba anapelekwa Lima. Atafuata programu ya inchi gani? Na akimaliza, chuo kikuu cha inchi yao kitakubali karatasi ya wapi? Shida hii ndiyo mama wa shule za kimataifa. Mwaka 1924 shule ya namna hii ilifunguliwa Geneva, Uswisi, kwa watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Shule zingine zikafuata, lakini ile shida ya karatasi ya mwisho haikutatuliwa. Ndipo mwaka 1968, pale pale Geneva, wakaunda mtihani mmoja wenye kukubaliwa katika inchi nyingi, wakauita Bakaloria ya Kimataifa. Wenyewe wanaiita IB kwa ufupi.

Si kila shule yenye jina la kimataifa inafanya IB. Ile ya Wamarekani ya Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 1961, inafuata programu ya Marekani. Na kule Kijabe, Kenya, iko shule ya wamisionere wa Kiprotestanti tangu mwaka 1906, kwa watoto wao. Rais wa zamani Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi la nyumba yake mwaka 1909. Sisi Waprotestanti tusijifanye kama jambo hili ni geni kwetu.

Ile ya Moshi yenyewe imetoka kwa hospitali. Makanisa ya Tanzania yalikuwa yanajenga hospitali kubwa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na madaktari waliotoka ng'ambo walikuwa na watoto. Mwaka 1969 shule ikaanza kwa ajili ya watoto hao. Baadaye iliongezeka, ikawa na tawi mjini Arusha, na mwaka 2019 ikaingia katika jamaa ya shule zinazoitwa UWC. Jamaa hii ilianza mwaka 1962 huko Wales, kwa wazo la Mjerumani Kurt Hahn, mwalimu aliyefukuzwa na utawala wa Hitler. Wazo lake lilikuwa kwamba vijana wa inchi zilizopigana wakila sahani moja na kulala chumba kimoja, itakuwa vigumu kesho kupigana. Shule ya Waterford, katika inchi ya Eswatini, ilifunguliwa mwaka 1963 ili kupokea watoto wa rangi zote wakati Afrika Kusini iliwatenga, na mabinti wa Mandela walisoma pale. Mandela mwenyewe baadaye alikuwa rais wa UWC.

Sasa juu ya mbuzi na diploma. Ni kweli kwamba shule hizi zinalipisha maelfu ya dola kwa mwaka. Hapa kwetu masomo ya msingi ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini ya sekondari wazazi wanalipa, na sote tunajua siku zile ambapo Bwana Sekretere anaingia kalasini na liste mkononi, kila mmoja anatazama chini. Kwa hiyo aliyesema «ni makuta tu» hakusema uongo kuhusu mlango wa kuingia. Lakini UWC wana basi pia: kamati katika inchi nyingi zinachagua vijana, na wengine wanalipiwa sehemu au yote. Na mara mtu ameingia, makuta hayawezi kumfanyia mtihani. Mwanafunzi wa IB anachukua masomo sita: lugha yake na fasihi, lugha nyingine, elimu ya watu na jamii kama historia au uchumi, sayansi, hesabu, na sanaa au somo jingine badala yake. Kila somo linapewa pwen 1 mpaka 7. Sita mara saba ni 42, kuna pwen 3 tena nitakazozieleza, jumla 45. Mwenye kupata chini ya 24 hapati diploma. Mbuzi angeshindwa.

Hizo pwen 3 ndizo zilinifanya niandike makala hii.

Kila mwanafunzi wa IB lazima aandike kazi moja ndefu, maneno mpaka 4000, juu ya swali alilochagua yeye mwenyewe. Makala hii unayosoma haifiki hapo, na imeninyima usingizi wa siku tatu. Mwalimu anamwongoza lakini hamwandikii. Swali lisiwe lile ambalo jibu lake limekwisha kuandikwa katika kaye. Lazima atafute, apime, aulize watu, alinganishe, na kila mahali alipochukua neno la mtu aseme amelichukua wapi.

Halafu kuna somo ambalo sisi hatuna hata jina lake. Linauliza: tunajuaje kile tunachosema tunakijua? Mwalimu wa historia anajuaje? Wa kemia je? Kama shahidi wawili wanasema tofauti, ni lazima mmoja awe mwongo?

Na jambo la tatu halina pwen lakini usipolifanya hupati diploma: mwanafunzi lazima aunde kitu, afanyishe mwili kazi, na atumikie watu. Kule Moshi wanapanda milima, wengine mpaka kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5895. Niliposoma juu ya kutumikia watu nilicheka peke yangu. Sisi tunafanya salongo kila juma tangu kalasi ya saba, na hakuna aliyetuambia kwamba ni kitu cha kimataifa.

Basi tuangalie kwetu. Mwisho wa masomo yetu ni Exetat, mtihani wa serikali uliowekwa mwaka 1967. Kuna sehemu ya kwanza, disertasio na mengine, halafu siku nne za itemu: swali, chini yake majibu kadhaa, wewe unachagua moja na kutia alama kwenye karatasi itakayosomwa na mashine. Ukipata nusu ya pwen umepita. Mimi mwenyewe nitakaa mbele ya karatasi ile mwaka huu, kwa hiyo nisiiseme vibaya sana. Tena ina haki yake: mashine haijui kabila lako, haijui kama minervali imelipwa yote, haijui baba yako ni nani.

Lakini mtihani unafundisha namna ya kusoma, hata kabla hujaufika. Kama mwisho wa yote ni kutambua jibu kati ya majibu yaliyopangwa, basi miaka yote tunajizoeza kutambua. Tunanakili ubaoni, tunameza, tunatapika siku ya interogasio. Mtu akiuliza swali lisilo katika kaye, wenzake wenyewe wanamnyamazisha: «Ile haitauliziwa!» Nimelisema neno hili mara nyingi. Mwaka jana mudogo mmoja wa kalasi ya kwanza aliuliza somo la jiografia kwa nini maji ya ziwa yaliingia nyumbani kwao, nami niliyekuwa nalinda kalasi nilimwambia akae chini. Ninamwomba msamaha hapa, mbele ya wote. Swali lake nitalirudia.

Tusifikiri tena kwamba kule kila kitu ni kizuri. Mwaka 2020, wakati wa korona, IB walifuta mitihani ya mwezi wa Mei dunia nzima. Wanafunzi zaidi ya 160.000 walipewa pwen kwa hesabu ya mashine iliyochanganya kazi walizokuwa wamefanya, makadirio ya walimu wao, na habari za shule yao za miaka ya nyuma. Matokeo yalipotoka mwezi wa Julai vilio vilisikika kila mahali, kwa sababu mtoto alihukumiwa pia kwa wale waliomtangulia. Katikati ya Agosti wakabadilisha namna ya kuhesabu. Na huku kwetu? Shule zilifungwa mwezi wa Machi, wafinalisti wakarudi kalasini tarehe 10 Agosti, wakafanya Exetat kwa mikono yao wenyewe. Kwa mwaka ule, mimi naona sisi tulifanya vizuri kuliko Geneva. Walimu wengine hawatakubaliana nami, na ukurasa wa nyuma wa gazeti una nafasi kwao.

Mwaka 2024 ikawa habari nyingine. Mtihani mmoja wa IB unafanywa siku moja duniani pote, lakini jua halichomozi mahali pote saa moja. Waliomaliza mapema walitoka nje, wakaandika maswali ya hesabu waliyoyakumbuka, wakayatuma kwa intaneti, na wenzao wa inchi ambako ilikuwa bado asubuhi wakayasoma kabla ya kuingia. IB wenyewe walikiri kwamba jambo hilo lilitokea. Kwa hiyo wizi wa mtihani si ugonjwa wa maskini.

Nami nisiseme kama mtu asiyeujua. Nilipofanya mtihani wa taifa wa kalasi ya nane, jioni ya kuamkia siku ya kwanza kijana mmoja wa kartye yetu alikuwa anauza majibu kwenye karatasi ndogo, franka 2000. Nilinunua. Baba hajui, sasa atajua. Usiku ule sikusoma kitu, nilikariri herufi tu. Asubuhi nikakuta maswali mengine kabisa. Hasara ya franka niliisahau upesi. Kitu ambacho sijasahau ni kwamba katika maswali yale yaliyokuwa mbele yangu, mawili ya hesabu nilikuwa nayajua vizuri, ila herufi zilikuwa zimejaa kichwani, nikatia alama ya karatasi ya yule kijana. Nilikataa akili yangu mwenyewe kwa franka 2000.

Liko jambo jipya zaidi. Tangu mwisho wa mwaka 2022 iko programu ya kompyuta iitwayo ChatGPT, na baadaye zingine kama yenyewe, unaiuliza swali na inakuandikia jibu kamili kwa lugha safi. Katika mwaka 2023 IB walisema hawataikataza. Mwenye kuitumia aseme ameitumia, alama zile zile kama amechukua neno kitabuni, na asiseme ni yake. Hapa kwetu wachache tayari wanaitumia kwa kazi za nyumbani. Walimu wanatambua mara moja, kwa sababu mtu asiyejua kupatanisha kitenzi cha Kifaransa siku ya Jumatatu hawezi kuandika kama waziri siku ya Jumanne. Ila fikirini: programu hii inajibu vizuri sana maswali ambayo jibu lake limekwisha kuandikwa mahali, yaani yale yale tunayojizoeza nayo miaka sita. Haikuwepo kwenye ufuko wetu mwaka 2024. Haikuwaona wale waliobeba magodoro kichwani.

Kabla ya kufika ziwani, neno moja juu ya lugha, maana liliniuma. Katika ile diploma ya IB, kijana aliyezaliwa katika Kiswahili anaweza kuchukua fasihi ya Kiswahili kuwa somo lake la kwanza, na mgeni anaweza kuanza kujifunza Kiswahili tangu herufi ya kwanza. Vinakubaliwa Geneva. Kwetu, Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini kwa mwanafunzi wa Kalemie kinaishia katika kalasi za chini za msingi; baadaye ni Kifaransa mpaka Exetat. Gazeti hili ndilo mahali pekee katika masomo yetu ambapo tunaandika kwa Kiswahili zaidi ya mistari kumi. Ndiyo sababu kila mmoja anaandika anavyoweza, kama nyumbani, na Bwana Mwalimu anayesahihisha anashika kichwa.

Sasa turudi kwa swali la yule mudogo: kwa nini maji yaliingia nyumbani kwao?

Mnajua mto Lukuga, tunauvuka kila siku. Wengi wanafikiri ni mto kama mingine, unaoingia ziwani. La. Ni mlango pekee wa kutoka wa Ziwa Tanganyika. Mito mingi inaingia, mmoja tu unatoka, na unatokea hapa kwetu, unaelekea Lualaba. Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachofika mita 1470 lina mlango mmoja, na mlango uko Kalemie!

Sikilizeni sasa mashahidi. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika hapa. Wenyeji walimwambia maji yanatoka kwenda Lualaba. Aliingia kidogo na mtumbwi, akazuiwa na majani mengi, akaandika kwamba amepata mlango wa ziwa. Mwaka 1876 akaja Stanley, akatazama pale pale, akakuta maji karibu yamesimama. Akasema mto hautoki bado, ila ziwa linapanda na siku moja litavunja kizuizi. Mwaka 1879 akaja Edward Hore, mmisionere wa London Missionary Society, mtu wa bahari aliyejua kusoma maji, akakuta maji yanatoka kwa nguvu. Muda mfupi baadaye Joseph Thomson naye aliona vile.

Nani alisema uongo? Kama ingekuwa itemu ya Exetat, ungetia alama kwa jina moja. Lakini hakuna aliyesema uongo. Mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga, matope na majani, ziwa likawa linapanda mwaka kwa mwaka, na karibu mwaka 1878 maji yakapita juu ya kizuizi na kukichimba. Baada ya hapo ziwa likashuka karibu mita 10 kwa muda wa miaka kumi na tano hivi. Kila shahidi aliona siku yake. Na wenyeji waliomwambia Cameron, ambao majina yao hayakuandikwa, walikuwa wanajua kitu ambacho Stanley hakukiona kwa macho: kwamba mlango ule unafunguka na kufungwa.

Hili ndilo lile somo lisilo na jina. Tunajuaje tunachokijua? Nilipolielewa, nilikuwa nimeketi ukingoni mwa Lukuga, wala sikuhitaji kompyuta.

Jibu kwa mudogo basi, kwa kadiri ninavyoweza: ziwa linapokea mvua na mito, sehemu kubwa ya maji yake inapotea kwa jua, inakuwa mvuke, na iliyobaki inatoka Lukuga. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, jua haliwezi kumaliza, na mlango mmoja ni mdogo kwa ziwa kubwa namna hii. Maji yanapanda. Ilitokea baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, ziwa likafika juu sana mwaka 1964. Ilitokea tena mwaka 2021, na mwaka 2024 zaidi, mpaka maji yakaingia barabarani na manyumbani. Kama mchanga na majani ya Lukuga vimeongeza shida kwa kiasi gani, hilo ni swali ambalo halimo katika kaye ya mtu yeyote hapa.

Wazee wa 1964 bado wapo. Mwenye miaka 75 leo alikuwa kijana mdogo wa miaka kumi na zaidi, na anaukumbuka mwaka ule kwa sababu ndio mwaka wa vita vya Simba, wakati mji huu ulikuwa bado unaitwa Albertville. Babu yangu mmoja wa kanisani aliniambia maji yalifika «pale kwenye mti». Mti umekatwa. Nimemwuliza mama mmoja mzee wa upande ule ule, akanionyesha mahali pengine, hatua kama arobaini mbali. Nimeandika vyote viwili.

Kwa ruhusa ya Bwana Prefe na mwalimu wa jiografia, sisi wanane, watano wa kalasi ya mwisho na watatu wa kalasi ya tatu, tumeanza kazi. Tumechonga mti mrefu, tumeutia alama kila sentimita tano kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye madirisha ya kapela, tumeusimamisha kwenye maji tulivu karibu na nguzo ya zamani ambayo haiwezi kusogea, tukaufunga na waya. Kila Jumamosi kisha salongo wawili wanasoma alama, mmoja haambii mwenzake, kila mmoja anaandika kwenye kaye yake, halafu wanafungua kwa pamoja. Wengine wawili wanapita kwa wazee na kuandika: nani, miaka mingapi, aliona nini, amesimama wapi. Tutakapomaliza Exetat mwezi wa saba, sisi watano tunaondoka. Kazi itabaki kwa wale watatu, na tunahitaji wadogo wa kalasi ya kwanza na ya pili. Yule wa swali amekwisha kuja, naye ndiye anayeshika kaye.

Hakuna kuogelea. Wazazi wasiwe na wasiwasi: mti unasomwa kutoka ukingoni, na mwalimu mmoja yuko nasi kila mara, kwa sababu ya viboko.

Jumamosi iliyopita mimi nilisoma alama ya 23 na yule wa kalasi ya tatu alisoma 24. Tulirudi kuangalia, upepo ukawa umeleta mawimbi madogo, hatukupatana. Tumeandika zote mbili, na saa, na upepo. Jumamosi hii tunarudi mapema, kabla upepo haujaamka.

Doyen wa wanafunzi, kalasi ya mwisho